Mdudu Niliyemhamisha kwa Penseli

Nakumbuka sauti ndogo sana niliyoisikia siku moja: ti... ti... ti... Vilikuwa vijumba vya kokoto, kila kimoja hakizidi punje ya hindi, vikidondoka kwenye bakuli la bati. Mwanangu, kuna mdudu wa mtoni ambaye akiwa mchanga hujijengea nyumba ya kokoto, anazigandisha kwa uzi wake mwenyewe. Akikomaa anatoka na mabawa, anaruka kwenye nyasi za kando ya maji. Nilikuwa na miaka kumi na saba, darasa la saba nimemaliza, na kwa kazi ya kuwakusanya nilijiona nimeajiriwa na mbinguni.

Aliyenipa kazi alikuwa mzee mmoja mtaalamu wa wadudu, aliyekuja kukaa wiki mbili katika kijiji chetu cha ujamaa, si mbali na Kaengesa. Mwenyekiti aliniondoa shamba la kijiji nikamsaidie. Wenzangu waliokuwa wakipiga matuta wakanikejeli, "Haya, Bi Nzi! Ukipata mnono utuletee mchuzi!" Mimi nacheka, wavu begani.

Kazi yenyewe: kamata wenye mabawa, watie kwenye kichupa cha spiriti, andika kwa penseli kwenye kikaratasi jina la kijito na tarehe, kitumbukize humo humo. Siku ya kwanza mzee akaniambia, "Binti, tukibahatika kupata ambaye hajaandikwa popote, huenda tukampa jina la kijito chake."

Hapo ndipo nilipoharibika. Kijito cha nyuma ya kijiji kiliitwa Mlale. Lakini mimi nilizaliwa Kanyele, kando ya kijito cha jina hilohilo, mwendo wa saa tatu kwa miguu, kabla lori halijatuleta kijijini pamoja na kuku na jiwe letu la kusagia. Kanyele palibaki mahame. Nikawaza, mwacha asili ni mtumwa. Kwa nini jina la kwetu life? Nikavua Mlale, nikaandika Kanyele. Vichupa vyote! Tena kwa mwandiko mzuri.

Siku ya tatu mzee akainua macho kutoka kwenye kioo chake cha kukuzia.

"Hawa wote nawajua. Huyu dume, mkia wake sijauona katika kitabu chochote. Kesho alfajiri naenda Kanyele kutafuta wenzake."

Nikamtazama magoti yake, mwanangu. Mzee yule alipanda ngazi za ofisi ya kijiji kwa kupumzika.

Nyumbani nikamweleza bibi yangu kuwa mdudu huenda akapewa jina la Kanyele, nikidhani atapiga vigelegele. Akaendelea kupepeta ulezi.

"Kanyele ulikwenda lini? Juzi umerudi uji haujapoa."

Nikajitia kuokota punje za ulezi zilizomwagika.

"Nakuuliza wewe, mwenye kalamu."

"Bibi, nilitaka pakumbukwe."

Akaweka ungo chini. "Mimi nilipalilia pale, nikazika watoto wawili pale. Nililia mpaka injini ya lori ikawaka. Ila sikusema uongo juu yake. Sisi tulihamishwa kwa lori; na wewe unamhamisha mdudu kwa penseli? Yeye kakukosea nini?" Halafu akacheka, akanisukuma bega. "Nenda, kabla mzee wa watu hajavunjika mguu."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu ilikuwa ya saa tatu, na angeitembea mwingine! Nikakimbia kwa mzee.

"Shikamoo. Mzee, si Kanyele. Ni Mlale, hapo nyuma."

"Marahaba." Akaweka chini buti alizokuwa anazipaka mafuta. "Ningetafuta Kanyele nisimwone, ningewaambia watu ametoweka duniani. Nao wangeniamini, kwa sababu nimekuamini wewe." Akanipa penseli. "Usifute. Piga mstari juu ya uongo, andika kweli chini yake, ili atakayesoma aone yote mawili."

Nikaandika huku machozi yakidondokea meza. Kesho yake tukawapata wenzake Mlale, madume sita, na mzee akaimba! Mdudu akapewa jina la Mlale, kijito ambacho wala sikukipenda.

Basi, mwanangu, kupenda kwenu si dhambi. Ila usikipambe unachokipenda kwa kitu kisicho chake. Ukikosea, kosa moja haliachi mke; rudi mapema, ungali unaweza kuandika chini yake. Mungu akupe macho ya kuona vidogo, na ulimi mwepesi wa kusema "nilikosea". Uendako upokelewe, utokako kukukumbuke.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilikwenda Kanyele peke yangu. Nikageuza mawe ya kijito moja moja, kutoka chini hadi juu. Mdudu yule hakuwapo. Nikarudisha kila jiwe kwa ubavu uleule lililokuwa limelalia, nikaenda zangu nyumbani.