Jina Ambalo Sikulitaja

Miaka ya Ujamaa, nikiwa nimeolewa Kawetele, nilijiunga na darasa la Kiingereza la watu wazima. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu, mtoto wa fundi cherehani aliyetoka pwani.

Siku moja aliandika ubaoni sentensi ya Kiingereza kwamba wanakijiji walimchagua fulani kuwa mwenyekiti, kwa jina lake kamili. Akaniambia niisome kwa sauti, kisha niigeuze ianze na cheo: mwenyekiti ndicho cheo ambacho wanakijiji walimchagulia.

Sikuisoma. Huyo aliyeandikwa alikuwa baba mkwe wangu, na kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hamtaji baba mkwe kwa jina wala hamtazami.

"Dada, mbona mkaidi?" akafoka. Hasira zilinipanda, nikaanza kukusanya madaftari yangu. Mwenzangu akamnong'oneza sababu. Mwalimu akalifuta jina kwa kiganja, akaandika "yeye" kwa Kiingereza, akaniomba radhi mbele ya darasa zima. Nikaigeuza sentensi bila kukosea.

Kesho yake mama mkwe alinikabidhi mkungu wa ndizi. "Baba yenu amesikia ya darasani, anasema umpelekee mwalimu wako."

Mwalimu na baba mkwe wote wawili wameshatangulia mbele ya haki. Jina la baba mkwe sijalitamka hadi leo, ila cheo chake nakitaja kwa lugha mbili.