Mwalimu Yoramu na Namba Yake

Mwalimu Yoramu wa hesabu alijaa dharau tele. Tulikaa meza moja miaka minane katika sekondari ya bweni karibu na Haneti, na sijawahi kumsikia akisema hajui. Simu aliiita kifaa cha wavivu. Sisi wa historia hata salamu yetu aliijibu kwa shida.

Fahari yake ilikuwa namba moja: 1,234,567,891. Alidai ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, na aliapa kuthibitisha kwa mkono. Kazi ya punda. Unaigawa kwa kila namba tasa, kuanzia mbili hadi kipeuo chake cha pili, elfu thelathini na tano na ushee. Zote zikiacha baki, umeshinda. Ikitokea moja tu isiyoacha baki, kwisha habari. Ni migawanyo zaidi ya elfu tatu na mia saba. Alijaza madaftari kwa miaka minne, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa, sembuse kuyakagua.

Mwaka jana, zikiwa zimebaki kurasa chache, mgawanyo mmoja ukatoka bila baki. Mtu mwenye akili angeurudia. Yeye aliyabeba madaftari yote hadi jikoni, akamwambia Penina, mpishi wetu, ayachochee chini ya makande. Kisha akaingia kidato cha tatu, akauandika mgawanyo ule ubaoni, awaonyeshe wanafunzi jinsi namba kubwa inavyoweza kumdanganya hata bingwa.

Zipora, aliyekuwa wa kwanza darasani, aliunakili akaurudia mwenyewe. Kesho yake alikuja ofisini na karatasi.

"Shikamoo, mwalimu. Naona mstari wa tatu tulisahau kukopa. Baki ipo."

Yoramu aliitazama karatasi, na uso ukamsawijika. Alielewa. Namba haikuwa na kosa lolote. Mpumbavu alikuwa yeye, na uthibitisho wake ulikuwa majivu.

"Nani amekutuma unikague?" akauliza, akaichana karatasi ile.

Niliingiza namba ile kwenye simu yangu. Jibu lilikuja kabla sijameza mate: ni tasa.

Mtihani wa muhula ulipofika, Yoramu aliuliza kama namba ileile ni tasa. Zipora aliandika kwamba ni namba tasa, akaonyesha na hesabu ya mstari wa tatu. Alipewa sifuri kwa swali zima lenye alama ishirini, akashuka hadi nafasi ya nne. Mfadhili wa shule aliwalipia karo watatu wa kwanza tu, na kila mmoja wetu ofisini alilijua hilo.

Kwenye kikao cha matokeo, mkuu wa shule aliuliza kama kuna mwalimu mwenye pingamizi. Mimi niliyemdharau Yoramu miaka minane, nikimwita mwoga nyuma ya mgongo wake, nilisema sina. Ijumaa Zipora alikunja godoro lake, akarudi kwao kuchunga mbuzi.