Uzi wa Kushonea Magunia

Juzi nilikuwa kwenye benchi la ofisi ya chama kimoja cha wakulima wa kahawa hapa Mbinga, nikasahau hata kilichonipeleka.

Karani mmoja, binti aliyechoka kuwaambia wakubwa kwamba fomu za kuomba miche zinazungushwa mno, alichukua uzi wa kushonea magunia. Akaifuata fomu ya mama mmoja wa kijiji cha Mbuji meza kwa meza, na kila ilipogongwa muhuri, akaupitisha uzi kwenye mguu wa meza hiyo. Kwenye meza ya mzee mmoja wa mihuri pekee ilirudi mara tatu. Meneja alipotaka kwenda kunywa chai, hakuona pa kupita.

"Nini hiki?"

"Njia ya fomu ya mama huyu, bosi."

Mama akaguna. "Kumbe ndiyo maana nalala Mbinga kila nikija."

Mzee wa mihuri, ambaye siku zote ndiye aliyepinga mabadiliko, akaomba mkasi. Nilidhani anamwokoa bosi. Akainama, akakata uzi kwenye mguu wa meza yake mwenyewe.

"Fomu zisipite tena kwangu," akasema.

Semina za mabadiliko nimehudhuria nyingi, na maandazi yake nimeyala. Mkasi kama ule sijawahi kuuona.