Perege wa Ziwa Ilindwe

Asukile aliendesha malori kati ya Mbeya na Iringa kwa miaka ishirini na minane. Alipostaafu alitaka kijiji kimkumbuke kwa jambo moja jema. Kujenga zahanati hakuweza, akafikiria ziwa.

Ilindwe ni ziwa dogo lililolala ndani ya shimo la mlima, juu kabisa, mbali na barabara ya Uyole. Halikuwa na samaki hata mmoja. Maji yake yalikuwa maangavu mno, ungeweza kuhesabu mawe ya chini. Mama yake Asukile, bibi Tupokigwe, hakunywa maji mengine. Bomba lilipoletwa kijijini aliyaonja maji yake mara moja, akayatema. "Yana ladha ya chuma," alisema, na habari ya bomba ikaishia hapo.

Mke wa Asukile, Tekla, alikuwa Mhehe wa Iringa, na kaka yake Crispin alifuga perege bwawani. Basi siku moja Asukile akaja na mapipa mawili ya vifaranga vya samaki kwenye gari la kuazima. Njiani alisimama Igawa kubadilisha maji, wasije wakafa kwa joto. Kijiji kilikwenda ziwani kuwapokea, mchungaji akaomba. Baada ya mwaka mmoja na nusu kila nyumba ilikula samaki, na jina la Asukile likawa tamu midomoni mwa watu.

Mwaka wa nne maji yakageuka kijani. Yalianza pembezoni, yakaenea, yakawa mazito kama mlenda. Ndama wawili wa jirani yao Ambrosi walikunywa asubuhi. Jua halijazama, wote wamekufa. Wengine walisema sumu, wengine wakanong'ona uchawi. Bibi Tupokigwe aliletewa kikombe chake kama kawaida, akakinusa.

"Asukile, haya umeyateka wapi?"

"Ziwani, mama."

"Usinidanganye mimi."

Miezi michache baadaye akaja binti mmoja, Shufaa, mwanafunzi kutoka chuo kimoja cha Iringa. Alikuwa na wavu mdogo wa kitambaa laini, mwembamba kama soksi, akauvuta majini na kumimina kilichonaswa kwenye chupa. Akamwita Asukile aangalie kwenye hadubini yake. Mzee akaona vidudu vidogo mno, kama punje za vumbi zenye miguu.

"Hivi ndivyo vinavyokula ukijani, baba," Shufaa alisema. "Mwalimu wangu alichukua maji hapa zamani. Wakati huo walikuwepo wadudu wakubwa, mmoja anakula kuliko hawa ishirini. Sasa sioni hata mmoja. Samaki huwatafuta wale wakubwa kwanza, maana ndio wanaoonekana. Hawa samaki waliingia lini?"

Asukile alijikuta akijibu, "Wapo tangu enzi za babu zetu."

Shufaa akaandika.

Uongo ule haukumtoka akilini. Wiki mbili hakula vizuri, Tekla akadhani ni malaria. Mwishowe alipanda basi mpaka Iringa, akaulizia chuo, akamkuta binti yule maabarani.

"Mwanangu, futa nilichokwambia. Samaki niliwaleta mimi."

Shufaa alikata mstari daftarini. Kisha akamweleza, kwa upole, kwamba si samaki peke yao. Mbolea ya mashamba ya viazi inateremka na mvua kulisha ukijani, msitu wa ukingoni umekatwa, na joto nalo limezidi.

"Lakini wangekuwepo wale wadudu?" Asukile aliuliza.

"Pengine maji yangestahimili zaidi."

"Nikiwatoa samaki?"

"Labda uwatoe wote, baba. Nao wote hawatoki."

Aliporudi aliomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji, akasema yote akiwa amesimama, kofia mkononi. Watu walimtazama kama mtu mwenye homa. Ambrosi, aliyepoteza ndama, ndiye aliyejibu: "Kaa chini, ndugu yangu. Wadudu wasioonekana ndio waliokuwa wakilinda ziwa? Sisi tunakushukuru." Wakacheka bila ubaya, wakahamia habari ya barabara.

Bibi Tupokigwe alifariki mwezi wa tisa. Siku zake za mwisho aliomba maji, akapewa ya bomba, akayashikilia mdomoni muda mrefu kabla ya kumeza. Hakulalamika. Asukile alitamani angelalamika.

Siku ya mazishi vijana walitega nyavu tangu alfajiri, na waombolezaji walilishwa perege wakubwa kwa ugali. Mzee mmoja aliyetoka mbali alimshika Asukile mkono, vidole vikiwa bado na mafuta.

"Ndaga, asante sana, Asukile. Bila wewe leo tungekula nini?"

Asukile aliitikia kwa kichwa. Tekla, aliyekuwa akigawa chakula, aliiona sahani ya mumewe haijaguswa, akaiondoa polepole bila kumuuliza kitu.