Mkono Safi wa Alvhild

Torborg Nesheim hakuwa mwoga wa kuzaliwa, uoga alifunzwa. Kifua kikuu kilimchukua mumewe Halvor, kikarudi kumchukua mwanawe wa kwanza. Tangu hapo mtu akikohoa kanisani, Torborg alihama benchi mchana kweupe, hata kama anayekohoa ni mke wa mchungaji.

Mwanzoni mwa mwaka 1930 binti yake Alvhild, wa miaka kumi na tisa, alitaka kwenda Oslo kusomea unesi. Daktari wa wilaya alimkwaruza mkono, akamtonea dawa ya kupimia kifua kikuu. Ngozi ikivimba, basi vijidudu vilishamwingia. Siku tatu Torborg hakula kitu cha maana, kila saa anamfunua binti mkono. Ya tatu ilipofika hapakuwa na hata kipele. Akachoma mikate ya viazi, akaita majirani kwa kahawa.

Daktari hakushangilia.

"Mama, huo mkono safi ndio unaonitia wasiwasi," alisema. "Walioguswa kidogo utotoni, miili yao imeshajifunza kupigana. Huyu anaingia wodini bila kinga."

Akaeleza kwamba huko Oslo ipo chanjo. Hakuna anayelazimishwa, ila kwa kuwa Alvhild hajafika miaka ishirini na moja, mzazi atie sahihi. Torborg alipokea karatasi, akasema atafikiri. Binti akaenda zake, karatasi ikabaki ndani ya Biblia.

Mwezi wa Mei gazeti likaleta habari kwamba huko Ujerumani watoto wachanga wamekufa baada ya kupewa chanjo hiyohiyo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Siku ileile Torborg aliandika barua mbili. Moja kwa Alvhild, kwamba asiguswe na sindano. Ya pili kwa Ingebjørg, mjane wa bonde la mbali ambaye hakuwahi kuonana naye. Binti wa mjane huyo, Gerda, alisomea unesi na kulala chumba kimoja na Alvhild, naye mkono wake ulikuwa safi. Kurasa nne nzima Torborg alimsihi kwa jina la Mungu asitie sahihi. Ingebjørg alijibu kwa shukrani tele kwamba hatatia sahihi, akatuma na soksi za sufu.

Agosti Alvhild alirudi kusaidia kukausha nyasi. Wakiwa wanazitundika kwenye nyaya, alieleza kwamba kule Ujerumani chanjo ilichanganyika na vijidudu vikali, na hii ya Oslo haikutoka huko. Torborg alisikiliza, lakini hofu haisikii hoja.

"Ugonjwa ukikuchukua, nitasema ni Mungu," alisema. "Dawa ikikuchukua, ni mimi."

"Na mimi nitakuwa nimekufa vyovyote vile, mama. Juni mwenzetu mmoja katolewa kwa machela."

Torborg aliingia ndani, akaitoa ile karatasi kwenye Biblia, akatia sahihi. Herufi zilikwenda upande hata Alvhild akamtania kwamba hospitali itadhani kuku ndiye aliyeandika.

Kuanzia hapo kila meli ya barua ilipopiga honi Torborg aliacha alichoshika, akakimbilia gatini. Novemba Alvhild aliandika kwamba baada ya chanjo wamempima tena na safari hii mkono umevimba vizuri, kinga imeshika. Torborg alilia kwa furaha jikoni peke yake. Alikumbuka kwamba hajamwandikia Ingebjørg kumwambia amebadili nia. Aliona haya, baada ya kurasa nne zile. Akajiambia ataandika baada ya Krismasi.

Wiki moja kabla ya Krismasi ikaja barua fupi.

"Mama, Gerda anatema damu. Mama yake alifika jana. Ameniuliza kama mimi nilichanjwa, nikajifanya naitwa wodini. Kesho ataniuliza tena. Nimwambie nini?"

Torborg alichukua kalamu. Aliandika "Mpendwa Ingebjørg", kisha akakaa akilitazama jina lile, na hofu iliyomshika ilizidi ile aliyokuwa nayo siku walipomtoa Halvor ndani ya nyumba.