Mabuti ya Rula

Mjomba wangu walimwita Rula. Mistari ya uwanja mkubwa wa mpira hapa mjini alichora yeye, tangu mimi sijazaliwa. Na chokaa ndiyo iliyomla macho. Siku moja nikamkuta jikoni anamimina chai pembeni ya kikombe, ndipo nikajua. Akanikamata mkono.

"Ukisema tu, kazi sina. Tutakula hewa, wewe na mimi."

Nikafunga mdomo, maana kazi bado aliiweza. Alivuta kamba kigingi hadi kigingi, akavua viatu, akasukuma kigari cha chokaa huku kidole gumba cha mguu kinapapasa kamba. Mstari unatoka umenyooka mpaka raha. Watu walidhani kutembea peku ni mikogo ya mzee.

Yakaja mashindano ya mataifa. Uwanja ukapakwa rangi mpaka vyooni. Mimi nilikuwa naosha viti jukwaani, nikamwona msimamizi mpya anamtupia mjomba mabuti, soli nene kama tofali.

"Mzee, hapa peku marufuku. Vaa, au toka."

Nikashuka mbio. "Bosi, mwache afanye anavyojua!"

"Wewe nani, wakili wake?"

"Mjomba, si umwambie!"

"Rudi kwenye viti vyako, mpwa wangu. Viatu tu hivi, sijaambiwa nibebe ng'ombe."

Nikarudi kwenye viti. Ningesema kwa nini anavua viatu, ningemfukuzisha mimi mwenyewe.

Akavaa. Akasukuma. Mwanzo sawa, halafu mstari wa boksi ukaiacha kamba, ukakata kwenye majani kama mlevi anayetafuta mlango. Na yeye anatembea kifua mbele, hana habari! Mafundi wa kamera wakaangua kicheko.

"Rula imepinda!"

Msimamizi akamnyooshea vidole usoni. "Vingapi?"

Mjomba akatega sikio kwenye sauti.

Walimvua mabuti palepale, wakamtoa kwa geti la takataka.

Siku ya mechi nilimkuta amekaa kitandani, redio ya jirani inapiga kelele.

"Mistari ikoje?"

"Ya hovyo! Imepinda yote."

"Wewe ukidanganya sauti inapanda. Imenyooka, eh?"

Akageukia ukutani. Kidole gumba cha mguu kikaanza kupapasa ukingo wa kitanda, kinaenda, kinarudi.