Mkono wa Kushoto wa Mtangazaji wa Usiku

Siku ile kihambani, kwenye shamba letu la ukoo mlimani, alikuwapo baba mkubwa, ameketi kwenye kiti pekee chenye mgongo. Alikuwapo shangazi yetu kutoka Rau, mwinjilisti aliyekuja kuombea misalaba, na majirani wanne waliochanganya saruji ya kujengea makaburi tangu asubuhi. Mama mwenye nyumba wetu wa Kiboriloni si ndugu, lakini naye alikuwapo, amepanda mlima na magoti yake mabovu. Kitinda mimba wetu alikuwapo, amevaa viatu vya kuazima. Mdogo wangu wa kike, wa miaka kumi na minne, alisimama nyuma ya meza ndogo mbele ya makaburi ya baba na mama, karatasi mkononi. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na sufuria za ndizi, na wivu umenikaba.

Karatasi zile nilikuwa nimeziandika mimi. Wasifu wa wazazi wetu, kurasa tatu za daftari, niliuandika wiki nzima nikitoka sokoni. Nilitaka kuusoma mwenyewe. Sikuwa na kingine cha kuwapa wazazi wangu. Lakini asubuhi ile baba mkubwa aliniambia, mbele ya watu, “Wewe umeandika, inatosha. Mpe mdogo wako asome. Yule ana sauti ya televisheni.”

Sauti yenyewe mdogo wangu aliitoa kwa mwanamke ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukutana naye.

Baba alitangulia kufa, mama akamfuata mwaka uliofuata. Nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule, nikashuka na wadogo zangu Kiboriloni, tukapanga chumba, nikaanza kuuza ndizi mbichi. Ilikuwa miaka ile televisheni zilipoanza kuonekana kwenye nyumba za watu wa kawaida Moshi. Mama mwenye nyumba alinunuliwa ya kwake na mwanawe, akaivika kitambaa cha kufuma. Alikuwa hapati usingizi, kwa hiyo aliiacha ikiwaka mpaka taarifa ya mwisho, ile ya usiku sana. Mdogo wangu alisomea sebuleni kwake kwa sababu ya taa. Mimi niliingia nikishamaliza kazi, nikakaa karibu na mlango.

Watangazaji wa jioni walisoma kama watu wanaowahi basi. Yule wa usiku alisoma kama vile kuna mtoto amelala chumba cha pili. Aliinamisha macho kwenye karatasi, akayainua kwenye neno la mwisho la kila sentensi, si mapema, si baadaye. Kabla ya habari ya msiba alinyamaza kidogo, kisha akaendelea kwa sauti ileile. Mwishoni aligonga karatasi zake juu ya meza mpaka kingo zikalingana, akatutakia usiku mwema kama anatujua.

Nilimchukia kwa mikono yake. Ilikuwa safi. Yangu ilikuwa na utomvu wa ndizi ambao hautoki kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa, na niliificha ndani ya kanga hata tukiwa watatu tu. Nilijiambia: na mimi ningemaliza shule, ningekaa hivyo. Na kulikuwa na jambo lililoniuma zaidi. Mdogo wangu, ambaye mimi nikisema neno analisikia mara ya tatu, alimsikiliza yule bila kupepesa macho.

Akaanza kumwiga. Alikaa wima kitandani, akagonga madaftari yake, akamwambia kitinda mimba, “Mtazamaji, habari za usiku.”

“Habari za usiku,” nikamwambia, “ni kwamba sufuria hazijaoshwa.”

“Taarifa zilizotufikia hivi punde,” akasema, uso mkavu, “zinaeleza kuwa dada amekasirika.”

Kitinda mimba alicheka mpaka akaanguka. Mimi sikucheka.

Usiku mmoja yule mwanamke alisoma habari ya ajali ya basi, na idadi ya waliokufa, bila sauti kutikisika. Mdogo wangu akamuuliza mama mwenye nyumba, “Mama, huyu hasikii uchungu?”

“Anasikia,” mama mwenye nyumba akasema. “Usimtazame usoni. Tazama mkono wake wa kushoto.”

Tukatazama wote. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya karatasi, umetulia. Wa kushoto ulikuwa umeshika ukingo wa meza kwa nguvu, kama mtu anayeogopa kuanguka.

Sasa kihambani mdogo wangu alisoma. Aliinua macho mwisho wa sentensi. Alinyamaza kidogo kabla ya ugonjwa wa baba, kisha akaendelea, sauti ileile. Shangazi aliguna, akamnong'oneza jirani, “Mbona anasoma kama waliokufa ni wa nyumba nyingine?”

Nilifurahi. Nasema kama ilivyokuwa. Kisha nikauona mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umeshika ukingo wa meza, vidole vimekakamaa. Nilielewa palepale, kabla sijafungua mdomo, na bado niliufungua.

“Mtangazaji,” nikasema kwa nguvu, “usisahau na hali ya hewa.”

Majirani walicheka. Baba mkubwa alicheka na pombe ya mbege ikamwagikia shati. Mama mwenye nyumba hakucheka, alinitazama tu.

Mdogo wangu aliacha kusoma. Aligonga karatasi mezani mpaka kingo zikalingana, akaja mpaka kwenye sufuria, akanipa kwa mikono miwili.

“Malizia, dada.”

Nikamalizia. Nilipofika sehemu ya mama yetu nililia, shangazi akalia, kila mtu akalia, na baadaye walinishika mkono wakisema nimesoma vizuri sana. Mdogo wangu alikuwa jikoni anamenya ndizi. Tangu siku ile hakuiga tena. Sebuleni kwa mama mwenye nyumba alikaa ameipa televisheni mgongo, na mimi, kwa muda, niliona nimeshinda.

Kwetu, aliyekosa hukata jani la isale, lile lililopandwa mpakani mwa kihamba na juu ya makaburi, akampelekea aliyemkosea kumwomba radhi. Isale halikataliwi. Nimewaona watu waliogombea mpaka wa shamba kwa miaka wakinyamazishwa na jani moja. Mimi, niliyerudi kuishi kihambani, ninayo mengi, yanaota hatua chache kutoka pale aliposimama mdogo wangu siku ile.

Yeye sasa anafundisha shule ya msingi Chekereni. Wanasema darasa lake husikia hata akisema polepole. Kila Desemba anapanda kuja nyumbani, na mwaka jana asubuhi ya kuondoka kwake nilikata jani, nikaliweka kikapuni chini ya ndizi nilizomfungashia. Tulishuka pamoja hadi barabarani tukiongea habari za maziwa na mvua. Basi lilipokuja alinyoosha mikono kupokea kikapu.

“Ngoja,” nikamwambia, nikatia mkono chini ya ndizi.

“Nini tena, dada?”

“Kuna mbovu moja.”

Nikalitoa jani nikiwa nimelikunja kiganjani. Alipanda, akanipungia. Nilirudi nalo nyumbani.